Nzi Waliozama

Nikisema nilifanya kazi ya kutengeneza nzi kwa miaka kumi na saba, watu hucheka kwanza, halafu wananiuliza kama ni nzi wale wa chooni. Nimechoka kueleza. Lakini Shiro, binti ya dada yangu, anayefundisha ushonaji hapa Kitale, ameniomba niwaandikie nyinyi wanafunzi wake kuhusu kazi ya mikono, na Shiro akishaomba jambo hakuachi upumue. Kwa hivyo nitaeleza mara moja tu. Asiyeelewa asinifuate kanisani na maswali.

Kuna watu katika nchi za baridi wanaovua samaki kwa kujifurahisha. Hawavui kwa sababu ya njaa. Wanapanda ndege ndogo, wanashushwa kando ya ziwa katikati ya msitu usio na barabara wala nyumba, wanasimama ndani ya maji mpaka kiunoni na kurusha mshipi kutwa nzima. Mwisho wa ule mshipi kuna ndoano ndogo iliyovishwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za sungura, mpaka ikafanana na mdudu aliyeangukia maji. Huyo ndiye nzi. Samaki akidanganyika, anauma. Halafu, na hapa ndipo mama yangu aliponiona mwongo, yule mtu anamtoa samaki ndoano mdomoni, anamtazama kidogo, na kumrudisha majini.

"Anamrudisha?" mama aliniuliza. Tulikuwa shambani kwetu Saboti tukipalilia mahindi.

"Anamrudisha."

"Na amekuja hapo kwa ndege?"

"Ndiyo, mama."

Alipalilia mstari mzima. Alipofika mwisho akajinyoosha mgongo, akasema, "Usimwambie baba yako."

Karakana yetu ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikinguruma, meza zilitetemeka, na vumbi la unga lilipita kwenye kila upenyo likatua juu ya manyoya. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na kile chuma cha kubana ndoano mbele yake, tulichokiita vaisi. Mwenye karakana alikuwa Madam Rose. Roho yake ilikuwa nzuri, sitasema vingine, lakini alikuwa na ugonjwa wa haraka. Neno lake lilikuwa "bora iende". Uzi umeisha, tumia ule mwingine, bora iende. Stima imepotea, sogeeni dirishani, bora iende. Nikilisikia neno hilo hadi leo shingo inakaza.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, kutoka upande wa Kibabii. Ujanani alimfanyia kazi mzungu mmoja mwenye shamba aliyependa kuvua kwenye mito ya mlimani, na huyo ndiye aliyemfundisha. Kama wengi wa kwao, Mzee Barasa hakuona tofauti ya maana kati ya r na l. Mimi ni Nyambura, lakini aliniita Nyambula tangu siku ya kwanza. Sikumrekebisha, kwa sababu sisi nasi tuna herufi zetu tunazozichanganya.

Mafunzo yake yalikuwa ya kuudhi. Wiki nzima ya kwanza hakunipa unyoya hata mmoja. Alinipa ndoano tupu na uzi, akaniambia nizungushe, nifungue, nizungushe tena. Nikamuuliza nitaanza kazi lini.

"Uzi una sauti," akasema. "Ukikalibia kukatika, unalia kidogo. Ukishaisikia hiyo sauti, kuja uniambie."

Nilidhani ananichezea. Siku ya nne, kinu kikiwa kimezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana, niliisikia. Ni mlio mwembamba, kama mbu aliye mbali. Uzi ukivutwa mpaka karibu na mlio huo bila kuufikia, nzi hafunguki hata akiumwa na samaki kumi. Ukivutwa kivivu, samaki wa kwanza anaondoka na manyoya na kukuachia chuma. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii, na nililijifunza nikiwa nimekasirika.

La pili nililijifunza kwa aibu. Nzi akiisha, kichwa chake kinapakwa tone la vanishi ili uzi usilegee. Mimi nilipenda wang'ae. Nikapaka vizuri, nikapaka tena. Nikajaza trei nzima, kama mia mbili hivi, nikampelekea Mzee Barasa nikitarajia sifa. Alichukua mmoja, akamwinua kwenye mwanga, akachukua kipande cha mshipi akajaribu kukipitisha kwenye jicho la ndoano. Hakikupita. Akachukua wa pili. Nilikuwa nimeziba macho yote mia mbili.

"Mtu amesimama kwa maji ya balafu," akaniambia, "vidole vimekufa baridi, samaki anaruka pale mbele yake, na yeye anatafuta shimo. Unajua anasema nini juu yako?"

Alinipa sindano. Nilizibua macho hayo kwa siku mbili, moja baada ya jingine, huku wenzangu wakiimba nyimbo za kwaya na kunitazama kwa pembe ya jicho.

Nawaambia haya kwa sababu juzi Shiro alinionyesha kwenye simu mwanamume fulani akifunga nzi kwa dakika moja, na muziki juu. Akaniambia, "Tata," maana hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita dada ya mama, "ona, ni rahisi." Ni rahisi kwa huyo. Hakuonyesha wale mia alioharibu kabla ya kuwasha kamera. Nyinyi mnaona kitu kimeisha kwa dakika moja, mnadhani kilianza dakika hiyo. Mnanichosha kweli.

Basi, niliendelea nikawa fundi. Miaka ikapita, simu za mkononi zikaingia Kitale, na macho ya Mzee Barasa yakaanza kufifia. Kwanza alishindwa kutunga uzi, halafu akawa haoni ndoano ndogo. Madam Rose akanipa mimi kazi ya kusimamia na kukagua, naye Mzee akabaki kuchambua manyoya kwa vidole. Hakulalamika. Ila kila nilipopitisha trei, aliuliza, "Umezivuta?" Nami nikajibu nimezivuta. Aliuliza kila siku, kila trei, mbele ya watu. Mwanzoni nilimwelewa. Baadaye nilianza kukereka. Nilikuwa msimamizi, na bado naulizwa kama mwanafunzi.

Lazima niseme kidogo kuhusu manyoya, vinginevyo hamtaelewa kosa langu. Nzi wa kuelea hushikiliwa juu ya maji na manyoya ya shingo ya jogoo. Manyoya hayo yana vijiti vidogo vikavu, vinavyosimama kama nywele za brashi. Sio ya kuku jike, na sio ya kifaranga aliyekuzwa haraka kwa ajili ya kukaangwa. Hayo ni laini, yanashika maji. Mazuri tuliyaagiza kutoka ng'ambo, kwa watu wanaofuga majogoo kwa ajili ya shingo zao tu.

Mwaka ule mzigo wa manyoya ulikwama bandarini Mombasa. Karatasi fulani ilikosekana, ikapatikana, ikakosekana nyingine. Nasi tulikuwa na oda kubwa ya mteja wetu wa Kanada, Bwana Gordon, aliyekuwa akiwauzia nzi wetu wavuvi wa maziwa ya kaskazini. Madam Rose akapotea siku moja, akarudi na magunia matatu nyuma ya pikapu. Manyoya ya kuku wa broila kutoka mahali wanapochinja. Yalikuwa yameoshwa na kutiwa rangi ya kahawia. Kwa macho, yalipendeza.

Mzee Barasa aliinuka, akatia mkono kwenye gunia, akatoa unyoya mmoja. Aliukunja, akaupitisha juu ya mdomo wake polepole, kama mtu anayepima joto la uji.

"Hii ni ya kuku wa kuliwa," akasema. "Itakunywa maji kama taulo."

"Rangi ni ileile, Mzee," Madam Rose akasema. "Bora iende."

Mzee alinigeukia mimi. "Nyambula, wewe ndiye mkaguzi. Utapitisha hii?"

Nilikuwa nimechoka. Wateja walitupigia simu asubuhi, umeme ulikuwa umepotea tangu jana yake, na wenzangu wote kumi na mmoja walikuwa wameinua vichwa wakinitazama. Najua sababu zote hizo, nimezipanga kichwani mara nyingi, na hazitoshi. Nilimwambia, "Mzee, wewe huoni. Kaa hapo upange rangi."

Nilimwambia mtu asiyeona apange rangi.

Mzee Barasa aliurudisha ule unyoya guniani, hakuutupa. Alipapasa meza yake mpaka akapata mkasi wake mdogo, akautia mfukoni mwa koti, akatafuta mlango kwa mkono, akatoka. Tulimsikia nje akimuuliza mtu wa kinu amsaidie kufika kituoni, kwenye magari ya Bungoma. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kwa kawaida alikwenda kwao Ijumaa.

Sikumfuata. Nilisema nitamfuata kesho, halafu nikasema tumalize oda kwanza. Tukaimaliza. Niliikagua mimi mwenyewe, nikaipitisha, ikapanda ndege.

Kama miezi mitatu baadaye barua ikaja kwenye kompyuta ya saiba, duka la intaneti. Madam Rose aliichapisha akaja nayo imekunjwa mara nne. Bwana Gordon aliandika kwamba wavuvi wanarudisha nzi wake. Aliandika kwa upole sana, na upole huo ndio uliotutisha. Baada ya miezi sita alikuwa anakuja Kenya na mke wake kutazama wanyama, akaomba apitie Kitale; hadi hapo hangeagiza kitu.

Alikuwa mzee mrefu mwenye madoadoa mikononi, mtu wa kunyamaza. Sisi tulikuwa tumepika chapati, tumepamba karakana. Alikula chapati moja, akashukuru, akasema kupitia kwa Madam Rose kwamba angependa twende mahali penye maji.

Tulipanda mlimani kwa pikapu, sita kati yetu, mpaka juu ambako hewa inauma pua na mito inapita chini ya miti mikubwa yenye ndevu. Huko kuna trauti, samaki ambao wazungu waliwaleta zamani. Tulilipa kiingilio, tukapewa askari wa kutulinda na nyati. Na mjue hivi: wanawake sita, wengine na zaidi ya miaka kumi kazini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mtu akivua kwa nzi. Tulikuwa tumeshona nguo maisha yetu yote bila kumwona anayezivaa.

Bwana Gordon alisimama kwenye jiwe akafunga mmoja wa nzi wa oda ile. Akamrusha. Mshipi ulinyooka hewani vizuri mpaka mmoja wetu akaguna. Nzi akatua, akaelea kidogo, kama muda wa kusema jina lako na la baba yako, kisha akazama. Akamvuta, akamkausha kwa kitambaa, akamrusha tena. Akazama upesi zaidi. Alibadilisha. Alichukua nzi kutoka kila pakiti, na kila pakiti ilikuwa na jina la aliyewafunga, kwa hivyo tulijua huyu ni wa nani. Mmoja baada ya mwingine, walikwenda chini kama matambara. Ningefurahi kama angetutukana.

Halafu alitoa kibati kidogo mfukoni, kile cha kuwekea tembe, akachagua nzi mmoja mzee. Alikuwa amechakaa, amenyofolewa upande mmoja, hana sura. Akamrusha mahali palepale. Nzi alikaa juu ya maji kama amesimama kwa vidole vya miguu. Akateremka na mkondo, akapita jiwe, akaingia kwenye kivuli. Maji yakafunguka. Sijui niseme vipi vingine. Yalifunguka, kitu chekundu na cha fedha kikageuka ndani yake, na mshipi ukakaza.

Bwana Gordon alimleta samaki mpaka ukingoni, akaniita mimi, akanionyesha nilowanishe mikono kwanza. Nilimshika. Alikuwa baridi kuliko nilivyodhani kitu hai kinaweza kuwa, na mwili wake wote ulikuwa ni nguvu. Yule nzi mzee alikuwa kwenye pembe ya mdomo. Niliinama kumtoa, nikaona kichwa chake: mizunguko mitano ya uzi, imelala sawa kabisa, na tone la vanishi dogo kuliko punje ya mtama. Hakuna mtu mwingine aliyefunga hivyo.

"Aliyemfunga huyu yuko wapi?" Bwana Gordon akauliza.

Madam Rose akanitazama, kisha akamjibu kwa Kiingereza kwamba mzee huyo amestaafu. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini hilo nililielewa. Samaki alikuwa ameshateleza mikononi akaenda. Nikasimama na mikono inayotiririka maji, nikasema, "Hakustaafu. Mimi nilimfukuza. Alituambia haya manyoya yatakunywa maji, nikamwambia haoni."

Madam Rose hakutaka kutafsiri. Askari ndiye aliyetafsiri, bila kuombwa.

Bwana Gordon alianza kukunja mshipi wake. Kisha akasema maziwa yao bado yamefunikwa na barafu, na itayeyuka baada ya miezi miwili. Kama atapata oda nyingine kabla ya hapo, iliyo sawa, tutaendelea. La sivyo, atanunua kwingine. Hakutisha wala hakubembeleza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kibabii. Nilimkuta Mzee Barasa kwenye baraza ya nyumba yake akipukuchua mahindi kwa kidole gumba. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni Nyambura, Mzee."

"Nyambula yupi? Nilijua wengi huko Kitale."

"Wa karakana."

Aliendelea kupukuchua. Sikukaribishwa kiti. "Umekuja kuomba msamaha, ama umekuja kutafuta nyoya?"

"Yote mawili."

"Anza na moja."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Yote yakapotea. Nilisema nilimkosea, nilimwaibisha mbele ya watu aliowafundisha, na kwamba nilijua alikuwa sahihi wakati huohuo nilipokuwa nikimwambia. Hilo la mwisho sikuwa nimepanga kulisema.

"Nimesikia," akasema. Hakusema amenisamehe. Nawaambia ukweli, hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Alimwita mke wake aniletee chai, akapukuchua gunzi hadi likaisha, kisha akasema, "Sasa nyoya. Kesho ni soko Chwele."

Kama hamjawahi kwenda Chwele siku ya soko, hamjui kuku. Wamefungwa miguu, wamelazwa kwa safu, wanaume kwa wanawake wanawashika wakiwapima uzito kwa mikono. Mzee Barasa aliingia humo ameshika kiwiko changu. Mwanamke mmoja aitwaye Nekesa, mwuzaji, akatuonyesha jogoo mnene mweupe. Mzee alimpapasa, akamrudisha. Akataka jogoo mwekundu aliyekuwa pembeni, mwembamba, mwenye jicho moja na hasira. Akamwinua, akapuliza manyoya ya shingo yakafunguka, akayapitisha mdomoni.

"Papa," Nekesa akasema, "unabusu kuku wangu?"

"Nampima."

"Huyo ni mzee bana. Atakuvunja meno. Chukua huyu mwingine."

"Sitaki nyama. Nataka shingo."

"Ati shingo?" Nekesa akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana mzima. "Mama, si umwambie jogoo hauzwi kwa vipande?"

"Tutanunua wote," nikasema. "Mzima. Ila tunataka wazee, wembamba, wenye hasira."

Habari ilitembea soko zima kabla hatujamaliza kwa Nekesa. Kila mtu mwenye jogoo aliyemchosha nyumbani akamleta. Tulikaa hapo hadi alasiri, na Mzee hakuniacha nishike tu. Aliniambia nifumbe macho. Aliweka unyoya kwenye mdomo wangu, akauliza, "Mzuri ama mbaya?" Nikasema mzuri. "Mbaya. Huyu?" Mbaya. "Mzuri." Watu walikuwa wamesimama duara wakicheka. Jua lilikuwa linanichoma utosini, jogoo mmoja alikuwa amenipasua mkono, na mwanamume huyu anaendelea, huyu? huyu? Nilitaka kulia kwa hasira. Kisha nikaanza kuhisi. Ule mzuri unachoma mdomo, vijiti vyake vinarudi mahali pake. Ule mbaya unalala. Baada ya hapo sikukosea tena, au nilikosea kidogo. Mzee hakunisifu. Alisema tu, "Kumbe una mdomo."

Tulirudi Kitale na majogoo thelathini na mmoja. Tuliwachinja, tukazichuna ngozi za shingo, tukazikwangua mafuta, tukazipaka chumvi na kuzianika kivulini. Nyama ilikuwa ngumu kama viatu. Wenzangu walibeba nyumbani hadi watoto wao wakakataa. Tulimpelekea mchungaji, akapokea mara mbili, mara ya tatu akatuambia amefunga.

Mzee Barasa alikaa nasi wiki sita. Hakuwa na vaisi. Alikaa mwisho wa meza na beseni la maji, na kila nzi aliyeisha aliwekwa kwenye kiganja chake. Alimgusa mdomoni, akavuta uzi kwa ukucha, akamweka majini, na mimi nikasema anaelea au la. Asiyefaa alimkata kwa mkasi wake mdogo, hapohapo. Aliyekatiwa zaidi nilikuwa mimi. Sijui kama walikuwa wabaya kweli au alikuwa ananikumbusha kitu. Sikuuliza.

Siku zilipokaribia kuisha, Madam Rose akaja na kalenda mkononi. "Mzee, tumepungukiwa sana. Hawa si wabaya. Bora iende."

"Itaenda wapi?" Mzee akamuuliza. "Chini ya maji?"

Tulipeleka pungufu. Bwana Gordon aliandika kwamba hakufurahia upungufu huo, akaandika pia kwamba wanaelea, na akabaki mteja wetu mpaka karakana ilipofungwa miaka mingi baadaye. Lakini msidhani kila kitu kilirudi. Katika ile miezi bila kazi wenzetu wawili waliondoka, mmoja akaenda kuuza mitumba, mwingine akarudi kwao Kapsokwony kulima. Hawakupata nafasi tena tulipoanza. Nilikutana na yule wa Kapsokwony mara moja sokoni. Alinisalimia vizuri, na sikuweza kumtazama machoni. Hilo ni langu, na hakuna wiki sita za kulirekebisha.

Shiro amesoma hapa akaniambia, "Tata, waambie somo ni kuheshimu wazee." Hapana. Mzee Barasa alikuwa mgumu, na siku nyingine alikosea. Alikuwa akisema nzi wa rangi ya kijani hawana kazi duniani, na Bwana Gordon aliwataka hao kuliko wote. Ninachosema ni kidogo zaidi. Mtu akikwambia kazi yako ina kasoro, na tumbo lako likajua ni kweli kabla mdomo wako haujajibu, funga huo mdomo. Hesabu hadi tano. Nyinyi hamhesabu hata hadi mbili, nimewaona.

Mwaka uliofuata Bwana Gordon alitutumia picha kwa posta. Mwanamke wa kizungu mwenye kofia ya sufu amepiga magoti kwenye mawe, nyuma yake ziwa refu jeusi na miti iliyosimama kama sindano, na mikononi mwake samaki mwenye madoa mekundu. Nyuma ya picha aliandika kwamba ni samaki wa kwanza wa msimu, na kwamba ni nzi wetu. Niliibeba picha hiyo hadi Kibabii. Wakati huo Mzee hakuwa anaona hata kivuli. Nilikaa naye barazani, nikamweka picha mkononi, nikamwelezea ziwa, miti, kofia ya mama huyo, na madoa ya samaki, ukubwa wake kutoka hapa hadi hapa kwenye mkono wake.

"Na nzi?" akauliza. "Nyoya zimesimama?"

Niliisogeza picha karibu na macho, nikaigeuza kwenye mwanga. Kulikuwa na mshipi, mwembamba kama uzi wa buibui, ukiingia pembeni mwa mdomo wa samaki. Basi. Ningeweza kusema zimesimama. Angefurahi, na nani angemwambia vingine?

"Haonekani, Mzee," nikasema. "Ameingia ndani kabisa. Samaki amefunga mdomo."

Aliipapasa picha kwa kidole gumba kana kwamba angeweza kuuhisi ule mdomo.

"Basi yuko mahali pake," akasema.